Lebo ya Maziwa Mabichi

Lebo niliitunga mwenyewe, ikachapwa Mbeya mwaka tisini na tano kwa herufi nyekundu: JIBINI LA SUMBAWANGA, MAZIWA MABICHI, HAYAJACHEMSHWA. Mwenye duka la huko ndivyo alivyotaka. Biashara huria ilikuwa imeanza nchini, wageni walikuwa wengi, na wageni hao walilipenda la namna hiyo.

Mara mbili nilijaribu bila moto. Jibini likavimba na kunuka. Tangu hapo nikawa nachemsha maziwa nikiwa nimefunga mlango kwa komeo, kisha nabandika lebo ileile. Nilijiambia sijamdhuru mtu, tena nawaepusha na homa. Nilikuwa hodari wa kujitetea wakati hakuna aliyenishtaki.

Maziwa aliniletea Shija, Msukuma aliyepandisha ng'ombe wake kutoka Mtowisa, kule bondeni. Sharti lake lilikuwa moja. Kwao, maziwa yakichemshwa, ng'ombe aliyekamuliwa hukauka, hatoi maziwa tena.

"Yasichemke, mama," aliniambia siku ya kwanza. Nikamwonyesha lebo. Akaisoma polepole kwa kidole, akaridhika.

Mwezi wa tisa ng'ombe wake watatu wakakauka. Mimi nilijua ni kiangazi, majani yamekwisha. Yeye alikuja na dumu moja badala ya matatu, akanisalimu shikamoo, akakaa.

"Rhoda nimemrudisha kwao," akasema. Rhoda ni mkewe, ana mtoto mchanga. "Amechemsha maziwa kwa siri. Anakataa, lakini maziwa yangu yanakwenda sehemu mbili tu, kwangu na kwako. Na wewe lebo yako inasema."

"Ameondoka lini?"

"Jumapili, si hii iliyopita, ile ya kabla yake."

Nikahesabu siku tisa. Siku tisa mwanamke yule anaitwa mwongo mbele ya wazazi wake, nami naendelea kubandika. Niliona aibu.

"Shija, ni mimi. Nayachemsha kila siku."

Akanitazama kwa huruma. "Unamtetea kwa kuwa ni mwanamke mwenzako. Mtu hawezi kuchapisha uongo Mbeya, mama."

Nikaapa, hakuamini. Basi nikachukua dumu lake, nikamimina maziwa kwenye sufuria, nikawasha jiko mbele yake. Akainuka kama anayetaka kuninyang'anya, kisha akasimama palepale akiitazama mikono yangu. Povu lilipoanza kupanda niliepua bila hata kuangalia, nikafunika kwa kitambaa ambacho kingo zake zilikuwa zimeungua zamani.

"Umezoea," akasema.

"Nimezoea."

Akalifunga dumu tupu kwenye baiskeli yake kwa mpira. Nilimwomba nifuatane naye nikamweleze Rhoda mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Utamweleza ulichokosea wewe tu. Mimi alinililia mlangoni, mtoto mgongoni, nikamwambia lebo ya mama haidanganyi."