Chupa Tatu za Mafuta ya Usukani

Kaka yangu alipokuja kuzungumzia ufunguo wa boti, binti yangu alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje, kama mtu aliyemezwa nusu.

"Shikamoo mjomba," akasema kutoka mle ndani.

"Marahaba. Toka huko tuzungumze."

Boti ilikuwa juu ya tela uani kwangu, karibu na kamba ya nguo. Ni boti ndogo ya injini moja, mali ya kaka yangu, na kwa miaka sita nahodha wake ni binti yangu. Asubuhi anawavusha wauguzi na walimu kwenda ng'ambo, jioni anawarudisha. Kazi hiyo anaipenda kama wengine wanavyopenda kuimba. Sasa redio ya mawasiliano ilikuwa imekufa mara ya tatu, na kaka alishaamua kosa ni la nani.

"Unaiosha boti kwa mpira wa maji kama unaosha ng'ombe. Maji yanaingia kwenye redio. Nimekwambia mara ngapi?"

"Naosha kwa kitambaa, mjomba. Tangu ile ya kwanza ife sijashika mpira."

"Basi redio zinajiua zenyewe?"

"Na usukani nao una shida. Jana nimezungusha, boti ikachelewa kufuata. Nilikuwa na watu saba."

"Mkono wako mzito. Jumamosi ufunguo nampa mtu mwingine. Nikingoja redio ya nne, uzembe utakuwa wangu."

Binti yangu alitoka chini ya dashibodi. Akiumia huwa anasafisha. Alichukua kitambaa akafuta kiti ambacho kilikuwa safi tayari.

Mimi niliishia darasa la saba, na kwenye boti najua kupanda na kushuka tu. Lakini nilikuwa naanua nguo, na masikio hayana pazia. Nikauliza, "Huo usukani unaendeshwa na nini?"

"Mafuta, mama. Ukizungusha, yanasukumwa kwenye mipira mpaka nyuma, yanageuza injini. Yakipungua, upepo unaingia, unazungusha bure."

"Na yanapungua?"

"Kidogo tu. Kila Jumatatu naongeza kifuniko kimoja."

Wakati huo fundi alikuwa ameshaingia na sanduku lake la vifaa, amekuja kung'oa redio. Nikasema, "Kitendawili!"

"Dada, leo si siku ya vitendawili," kaka akanung'unika.

"Tega, bibi," akaitikia fundi, mwenye adabu zake.

"Anakunywa kila wiki, hakojoi."

"Ngamia," akasema kaka, ingawa hakutaka kucheza.

"Hata ngamia anakojoa. Ni usukani wenu huo. Binti yangu anaunywesha kila Jumatatu. Yanakwenda wapi?"

Fundi alikuwa anacheka, akaacha. Akakuna kisogo. "Kusema kweli, bibi, hata mimi Jumatano nikija kukagua injini naongeza. Nikaona nisimsumbue nahodha kwa jambo dogo." Akatoa chupa sandukuni, akaiweka kwenye benchi la boti. Binti yangu akavuta ya kwake chini ya kiti, akaiweka kando ya ile.

Nikamtazama kaka. Tangu utotoni, akificha jambo hushika sikio. Alikuwa ameshika sikio.

"Na wewe?"

"Ijumaa," akasema kwa sauti ndogo. "Nikipita gatini. Nilidhani mtoto anasahau, nikawa namsaidia."

Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na chupa ya tatu, imebaki robo. Tukaziangalia zote tatu.

Mimi niliona akilini kabati la marehemu mama yetu. Alipoanza kukohoa tulikuwa ndugu watatu, na kila mmoja alimletea dawa ya kifua kwa siri, asiwatie wenzake wasiwasi. Mama alipokea zote na kutuambia sote kwamba anaendelea vizuri. Siku tuliyompeleka hospitali, daktari aliuliza ameanza lini kunywa dawa. Mimi nikasema wiki mbili, kaka wiki mbili, mdogo wetu wiki mbili. Hazikuwa wiki zilezile. Baada ya mazishi tulikuta chupa kumi na moja kabatini. Kila mmoja wetu alikuwa ameona kikohozi kidogo.

"Kama kabati la mama," kaka akasema. Sikumkumbusha mimi, alisema mwenyewe.

Fundi alifungua skrubu za dashibodi, akapitisha mkono nyuma ya usukani. Kidole kikatoka kinang'aa. Sili, ule mpira unaozuia mafuta kwenye mhimili wa usukani, ilikuwa imelika. Mafuta yalitoka tone moja moja, yakafuata waya zilizoshuka moja kwa moja mpaka mgongoni mwa redio. Mipira iliyoziba viungo vya waya ilikuwa imelainika na kuvimba, ikaachia, na unyevu ukapata mlango.

"Mzee," fundi akamwambia kaka, "hata angeosha boti kwa mate, redio ingekufa."

Nikamwonyesha kamba yangu ya nguo. Zamani mvua ilikuwa inafuata kamba mpaka dirishani, inaingia ndani. Nikailegeza ining'inie katikati, na pale chini nikafunga kitambaa. Maji yakifika pale yanadondoka. "Tone halipandi mlima," nikasema. "Waya nao ushuke kwanza, ndiyo upande kwenye redio."

"Hilo tulifundishwa chuoni, bibi, nami nikalisahau."

"Mimi nilifundishwa na godoro lililolowa."

Waliweka sili mpya na mafuta mapya. Binti yangu akazungusha usukani kushoto na kulia, fundi yuko nyuma analegeza nati upepo utoke, mpaka mapovu yakaisha. Redio mpya ikahamishwa pembeni, mbali na usukani, na waya zake zimening'inia kama tumbo la kamba yangu. Mwisho binti yangu alitandika karatasi nyeupe chini ya usukani, na kila jioni akawa anaichungulia kwa tochi.

Jumamosi asubuhi kaka alitukuta gatini. Binti yangu hakungoja aombwe. Alinyoosha kiganja, ufunguo juu yake, macho chini.

Kaka hakuuchukua. Aliweka chupa yake kando ya ufunguo.

"Hii ikae kwako, na ya fundi pia. Ukiongeza hata tone, uniambie. Sisi wengine hatugusi tena." Akashika sikio, akaliachia. "Na karatasi?"

"Kavu, mjomba."

Aliinama mwenyewe, magoti yakilia, akapapasa karatasi kwa kidole, akakisugua, akakinusa. Kisha akainuka na kujipangusa suruali.

"Haya, nahodha. Wauguzi wanakungoja."