Machipukizi ya Kibanja Changu

Mwalimu Vero wa darasa la awali hapa Nyakasimbi nilimpenda sana, mpaka alipowaanzishia watoto wetu habari za vitu vinavyojisokota. Tangu siku hiyo mjukuu wangu Ainebyona hakunipa nafasi ya kupumua. Akaniletea gamba la konokono mezani, sawa. Akaniletea mkia wa kinyonga, na kinyonga mwenyewe akiwa bado yumo. Vile viuzi vya mboga ya maboga vinavyojizungusha kwenye fito akavinyofoa vyote.

"Bibi, ona! Kinaanzia katikati, kinazunguka, kinazunguka."

"Kula viazi vyako," nikamwambia.

Jana kila mtoto alitakiwa kupeleka chake. Nikampa ngata yangu kuukuu ya kubebea ndoo kichwani, nayo si imezungushwa? Akaikataa. Mwalimu anataka kitu kilichoota chenyewe. Haya, nikamwacha nikaenda zangu kuteka maji.

Kurudi, jikoni kunanuka plastiki. Kisu changu kipya, nilichokinunua gulioni Ihanda, mpini umeyeyuka upande mzima! Nilimgombeza mtoto yule mpaka majirani wakasikia. Alijaribu kusema neno, nikamkata kauli. Akabeba begi lake akaenda shule analia.

Nilikuwa bado nabwata nilipoingia kibanjani. Machipukizi ya migomba yamekatwa vichwa! Majani machanga, yale ambayo hayajafunguka, bado yamejisokota, yamechukuliwa, hapa moja, pale jingine, hadi kwenye mpaka wa jirani yangu Twagirayezu.

Jani litaota jingine, hilo halikuniuma. Kilichonitisha ni kisu. Ugonjwa wa mnyauko uliwahi kuingia kwangu, nikang'oa migomba ya bondeni yote na kuifukia kwa mikono yangu, na mwaka ule tulikula kwa kuomba. Kisu kikikata mgomba mgonjwa kisha kikagusa mzima, kimeshaupanda ugonjwa. Ndiyo maana kwangu kisu hakigusi mgomba wa pili kabla ya kupita motoni. Sasa mtoto wa miaka mitano amezunguka kibanja kizima! Na mgomba haukwambii siku hiyo hiyo. Unakuacha ungoje majani yageuke manjano.

Nikaenda shuleni na kisu mkononi. Njiani waendesha bodaboda walinipisha.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema, macho kwenye kisu.

"Marahaba. Unajua wewe umenifanyia nini?"

Hakujua, maskini. Alikuwa amekata yale majani vipande kama vitunguu, watoto wanavichovya kwenye maji ya masizi na kugonga kwenye karatasi. Kila karatasi imejaa miduara inayojisokota kuelekea ndani. Wakaninyanyulia nizione. Nani alikuwa na muda wa miduara!

"Ainebyona! Umekata machipukizi yote kwa kisu hiki?"

"Ndiyo, Bibi."

"Moja baada ya jingine?"

"Ndiyo."

Nikatafuta pa kukaa, nikakalia kibenchi cha watoto. Machozi yalinitoka mbele ya darasa lile, sioni haya kusema. Nilishaanza kuona nang'oa upya, na safari hii sina mgongo wa kung'olea.

"Lakini nilikuwa narudi jikoni," mtoto akasema.

"Kufanya nini?"

"Kukichoma. Nikikata moja, narudi nakichoma kisu. Halafu naenda kwa jingine. Si ndivyo unavyofanya?"

Nikautazama mpini ulioyeyuka. Nikamvuta karibu, nikamfungua kiganja. Katikati palikuwa na lengelenge, na juu yake amejipaka masizi yale ya kugongea karatasi zao.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Ulikuwa unagombana na kisu, Bibi."