Mtoto Aliyelazwa na Ng'ombe

Rut alikuwa ameshawatangazia wote. Toka Matema mpaka Ndandalo, kila aliyemsalimia njiani alijibiwa kwa habari: "Krismasi hii nasimulia kuzaliwa kwa Bwana, mimi mwenyewe! Nikiweza, mwalimu Ambilikile ananipa darasa la wasichana!" Na asipoweza? Basi atarudi kwa mama yake kufinyanga vyungu, na vyungu vya Rut vilijulikana ufuko mzima kwa kuvuja.

Miaka minne kwenye shule ya misheni ya Wajerumani ilimwachia imani moja kubwa: hadithi nzuri ni ile inayoliza watu. Kwa hiyo alifanya mazoezi ya kulia. Mbele ya mbuzi.

Asubuhi ya sikukuu kanisa la nyasi la Ndandalo lilijaa. Rut akasimama na kitabu chake, akaenda vizuri tu, na alipofika Bethlehemu akashusha sauti.

"Nyumba ya wageni imejaa. Mwana wa Mungu, jamani, Mwana wa Mungu, akalazwa horini. Na ng'ombe!"

Akajifunika kitambaa usoni, akatikisa mabega, akangoja vilio.

Akasikia vigelegele.

Akachungulia. Mzee Andongwisye alikuwa anatabasamu. "Ng'ombe wangapi?"

"Kitabu... hakijasema, baba."

"Hata kisiposema. Yusufu alifikia kwa watu wanaojiweza!"

Hapo ndipo Rut akakumbuka yuko wapi. Kwao Matema ni samaki na udongo wa vyungu. Huku Wanyakyusa wanalala nyumba moja na ng'ombe wao. Yeye mwenyewe, siku tatu nzima, bibi Angetile, mwenyeji wake, alimlaza karibu na ng'ombe, penye joto, heshima ya mgeni. Na kila asubuhi, mpumbavu huyu, alimshukuru Mungu kwa kumpa mateso kwa ajili ya Injili!

Angetile alikuwa ameketi mbele kabisa. Rut akamwinamia. "Bibi, sasa pa kulia ni wapi?"

"Mjukuu wangu, umelilia ng'ombe, mzazi umemruka." Bibi akainuka. "Binti, uzazi wa kwanza, ugenini. Mama yake hayupo. Mkwewe hayupo. Nani alimshika mgongo? Nani alimpikia ndizi? Huyo mwanamume anajua nini?"

Mwanamke mmoja akaanza kulia, wakamfuata wengine, na Rut naye akalia bila mazoezi, kamasi mpaka kwenye kitabu.

Ibada ilipokwisha, Ambilikile akawasogelea. "Mwalimu wa wasichana nimempata."

"Ndaga fijo, mwalimu! Asante sana!" Rut akapiga magoti, ndipo akaona kwamba mwalimu anamtazama Angetile.

Bibi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mimi? Na mpunga wangu alime nani? Mpe huyu huyu, anajua kusoma. Mimi nitakaa nyuma, nimkosoe."