Jina la Kuazima

Gertruda Pyka alisafiri kwa basi la parokia kutoka Silesia, kusini mwa Polandi, siku mbili nzima, miguu ikamvimba, ili tu amrudishie baba yake jina. Alipoufikia mstari wa nne wa makaburi ya askari wa Kipolandi pale Bolonya, Italia, akamkuta mzee mmoja amepiga magoti mbele ya kaburi lilelile, anasugua jiwe kwa brashi. Ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote, na taa ya glasi ilikwisha kuwashwa pale, na maua mapya yapo.

"Samahani, bwana," akasema. "Umekosea kaburi."

Mzee hata hakugeuka. "Miaka ishirini na sita nakosea, basi. Huyu ni kaka yangu, Stefan Drozd. Hujui kusoma?"

Kusoma anajua sana! Jiwe liliandikwa Stefan Drozd, na ndilo jina aliloambiwa. Baba yake, Alojzy Pyka, mchimba makaa ya mawe, alichukuliwa kwa nguvu na jeshi la Wajerumani. Alipofikishwa Italia akatoroka, akajiunga na Wapolandi wenzake waliopigana huko upande wa Waingereza, na kama walivyofanya wengi wa Silesia, akajiandikisha kwa jina la uongo, ili Wajerumani wasije wakamwadhibu mkewe na kitoto chake. Kitoto chenyewe ndiye Gertruda. Baba akafa vitani na jina hilohilo la kuazima. Barua ya askari mwenzake, iliyoletwa majuzi tu na wajukuu wa askari huyo, ilitaja jina, mstari na namba ya kaburi. Mkobani Gertruda alikuwa na kibao cha shaba chenye jina la kweli, na bonge la makaa kutoka mgodi wa baba.

Akaeleza yote. Mzee akajitambulisha kwa kununa kuwa ni Walenty Drozd, kisha akacheka kwa dharau.

"Hadithi tamu, mama. Kaka yangu alipelekwa Siberia na Warusi mwaka wa arobaini. Jeshi letu lilipoundwa huko, akatoka nalo mpaka huku Italia. Jina lake hili hapa. Unataka nini tena?"

Gertruda akachanganyikiwa kabisa. Labda barua ilikosea. Labda askari yule aliandika akiwa amelewa. Labda amekuja mbio mpaka Italia kumletea makaa mtoto wa watu! Akainama alitazame jiwe tena, akitafuta chochote kile. Chini ya jina ilikuwapo tarehe ya kuzaliwa: nne Desemba.

Jamani, siku ya Mtakatifu Barbara! Sikukuu ya wachimba makaa! Mama alikuwa akimsimulia kila mwaka, bendi ya mgodi ikipita mtaani, jinsi baba alivyojigamba kwamba wanampigia yeye, siku yake ya kuzaliwa. Jina alilibadilisha, lakini siku yake hakukubali kuiacha.

"Kaka yako alizaliwa lini?" akauliza.

Walenty akachezea brashi. "Machi," akasema. "Makarani wa vita unawajua. Walikuwa wanaandika ovyo."

"Bwana Walenty."

"Nilijua!" mzee akafoka, machozi yakamlengalenga. "Tangu siku ya kwanza nilijua si yeye! Sasa ulitaka taa nikawashe wapi? Kwenye theluji ya Siberia? Dada yetu kafa ameshika picha ya jiwe hili!"

Gertruda hakujua amkumbatie au ampige na mkoba. Maisha yake yote hakuwa na baba, leo kampata, na kumchukua ni kumnyang'anya mzee huyu kaka. Hasira zilimpanda, na huruma nayo ikampanda. Akalitoa bonge la makaa, akaliweka chini ya jiwe. Kibao akakishika kwa muda mrefu, kisha akakirudisha mkobani.

"Una miaka mingapi?"

"Themanini na saba."

"Kibao nitakibandika ukishakufa."

Walenty akafuta pua kwa mkono wa koti. "Basi nitachelewa kusudi."

"Chelewa," akasema Gertruda. "Ila mwakani ulete taa mbili. Wangu anaitwa Alojzy."