Majua Mawili ya Misigiri

Hakuna aliyemwambia Sijaona kwamba mabati yale ni yake. Alijiambia mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Siku lori lilipokata kona kutoka barabara kuu na kuingia Misigiri, likipiga honi kama limebeba bibi harusi, yeye alikuwa uani akipepeta mtama. Aliyaona mabati mgongoni mwa lori, mapya, yanamulika mpaka macho yanafumba yenyewe. Juu yake amekaa mumewe Mselemu, kofia imerudi kisogoni. Sijaona akatupa ungo. Akafagia uwanja mbio mbio, akasogeza kinu, akafukuza kuku, akasema moyoni: leo ni leo. Miaka kumi na minane nimebeba vitunguu vya mtu huyu kichwani mpaka utosi umekuwa bapa, na leo amekumbuka.

Lori likapita. Likaupita mlango wake, likakipita kinu chake, likaenda kusimama mbele kidogo, penye nyumba mpya ya matofali ya kuchoma. Nyumba ya Hanifa, bi mdogo, aliyeolewa mwaka juzi tu na mtoto wake wa kwanza bado ananyonya.

Jioni Mselemu akaja kujieleza.

"Tembe lako halichukui bati, mama Kauthar. Bati linataka nyumba yenye mgongo. Lako limelala, udongo mtupu juu. Mwaka kesho nitakujengea na wewe."

"Huyo Mwaka Kesho ni mtu gani?" akauliza Sijaona. "Kila siku namwandalia chai, hafiki."

Mselemu akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Tangu biashara iwe huria na kila mwenye miguu aruhusiwe kuuza anakotaka, alikuwa akipakia vitunguu na kuvifikisha Dar es Salaam mwenyewe, na kila safari alirudi na kicheko kipya.

Mabati yakapanda juu ya nyumba ya Hanifa, na mahali pale pakabadilika jina. Zamani mtu akishuka barabarani akauliza njia, aliambiwa, "Nenda mpaka kwa Sijaona, kisha kata kulia." Sasa makondakta wa mabasi wakawa wanapiga kelele, "Wa kwenye bati, shuka!" Kwa Sijaona pakawa hapana jina tena. Akiwa njiani na ndoo yake alilisikia neno hilo, bati, akaharakisha hatua mpaka maji yakamwagika.

Sasa, mwenye tembe ana kazi moja asiyoweza kuikwepa. Kila mwaka mavuno yakishaisha, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika, paa lazima likandikwe upya. Unachimba udongo wa kichuguu, unauloweka, unachanganya na samadi na majivu, unaukanyaga mpaka unateleza kama uji mzito, kisha unapanda juu na kuziba kila ufa kwa kiganja. Katika Misigiri nzima hapakuwa na mkono uliojua kazi hiyo kama mkono wa Sijaona. Wanawake walimwita kwao aje aonje udongo, naye aliuonja kweli, kwa ncha ya ulimi, akasema, "Bado majivu."

Mwaka ule, mwaka wa tisini na saba, Sijaona hakuukanyaga udongo.

Hanifa alikuja mwenyewe asubuhi, mtoto mgongoni, miguu imeshajaa tope.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Udongo nimeshauloweka tangu jana. Twende tukandike, jua halijawa kali."

"Kandika la kwako."

"La kwangu ni bati, dada."

"Eh! Kumbe nilisahau. Sisi wengine hatuna macho."

Hanifa akainamisha uso, akarudi kwake, na udongo ukakaukia shimoni. Hesabu ya Sijaona ilikuwa hii: paa likipasuka, Mselemu ataona haya mbele ya watu, na haya itamfanya anunue mabati. Akawa anakaa chini na kuzitazama nyufa zinavyokua, kama mtu anayetazama mboga zake zikichipua.

Na jua lilimsaidia. Jua la mwaka ule hata wazee hawakulikumbuka lenzake. Kuku walitembea midomo wazi. Mishumaa dukani ilijikunja kama vidole vya mgonjwa. Mbegu za alizeti zilizopandwa kavu zilitafunwa na mchwa ardhini, na kisima kikawa kinatoa maji ya rangi ya chai.

Chini ya bati la Hanifa kukawa tanuri. Mchana bati lilipiga kelele lenyewe, ta! ta! ta!, likitanuka kwa joto, na Hanifa akawa anachukua mtoto na mkeka na kuja kupumzika tembeni, mahali penye baridi. Mselemu naye, akiwepo, alilala mchana kwa Sijaona. Lakini wageni wakija aliwapokea kule, kwenye bati, jasho linawatiririka wote, na hakuna aliyekubali kusema kuna joto. Sijaona alisikia vicheko vyao kutoka kwake na kuuma kanga yake.

Mtu mwingine angesema, basi, joto limewakomesha. Wivu hausemi hivyo. Sijaona angekubali kuiva kama kiazi, ilimradi aive chini ya bati lake.

Siku moja kisimani wanawake walikuwa wakizozana juu ya mvua imekwenda wapi. Huyu anasema dhambi, yule anasema miti iliyokatwa kwa mkaa. Sijaona alipenda vitendawili tangu utotoni, na kilipomjia kimoja hakuweza kukimeza.

"Kitendawili!" akasema.

"Tega!"

"Majua mawili, moja juu, moja chini. Wingu lipite wapi?"

Wakafikiri. Hakuna aliyeweza. Wakampa mji wa Shelui na magari yake, akaupokea, akawajibu akichota maji, kana kwamba hajali:

"Bati. Wingu likija linakutana na jua la juu, likichungulia chini linakuta jingine. Linaogopa. Linageuka."

Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazama kule kunakometa.

Baada ya siku saba mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano ndani ya ghala la zamani la ushirika, lililobaki tupu tangu wafanyabiashara waanze kununua mazao wenyewe. Mselemu alikuwa safarini. Mwalimu Antipasi, mwalimu wa shule ya msingi, akasimama na redio yake kwapani.

"Ndugu zangu, nimesikiliza habari. Bahari kubwa ya mbali imepata joto kuliko kawaida, na hali ya hewa imevurugika dunia nzima. Wanasema huku kwetu zitakuja mvua kubwa mno. Tusiulize mvua iko wapi. Tuzibe mapaa, tuchimbe mitaro. Na huu mkaa tunaouza barabarani, tuuangalie vilevile."

Mzee Luqmani akainuka. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Mwalimu, bahari iko huko, sisi tuko huku. Tangu lini bahari ikampikia mtu wa Iramba ugali?"

Watu wakaangua kicheko.

"Jua likiwaka huko linawaka na hapa, mzee wangu," akasema Antipasi. "Hewa haina mpaka."

"Haina mpaka, ila ina macho! Wazee wetu walisema, majua mawili, moja juu, moja chini, wingu lipite wapi? Mwaka jana bati halikuwepo, mvua ilikuja. Mwaka huu bati lipo, mvua iko wapi? Nijibu, wewe na redio yako!"

Sijaona alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na mlango. Alilisikia neno lake likitoka kinywani mwa mzee, limevaa koti na kushika mkongojo, na wanawake wa kisimani wakigeuka kumtazama. Angeweza kusimama. Angesema, hayo si ya wazee, ni ya kwangu, nimeyatunga juzi nikiwa na ndoo mkononi. Miguu yake ilikuwa mizima. Hakusimama.

Wakakata shauri: bati lishuke mpaka mvua ije. Hanifa hakulia. Alisema tu, "Yatoeni polepole, msiyatoboe." Mabati yakang'olewa, yakabebwa, yakaegeshwa ukutani kwa Sijaona, kwa kuwa yeye ndiye bi mkubwa na mali ya mume hukaa kwake. Na Hanifa, nyumba yake imebaki kuta na mbingu, akahamia tembeni na mtoto na sufuria zake.

Sijaona alifurahi. Lakini furaha ile ilikuwa na mchanga ndani yake, kama mchicha usiooshwa. Kila alipotafuna alisikia kru.

Siku ya nne, alasiri, upande wa Shelui mbingu ikawa nyeusi kama chungu kilichokaa sana motoni. Upepo ukaja kwanza. Ukabeba vumbi, ukabeba nyungo, ukabeba mlango wa choo. Kisha mvua ya mawe, mawe makubwa kama vitunguu vya mbegu, na nyuma yake maji, si matone, maji yamemwagwa.

Paa la tembe lilikunywa maji ya kwanza na kunyamaza. Halafu kila ufa ambao Sijaona aliulea tangu Septemba ukafungua mdomo. Tope likaanza kudondoka juu ya mikeka. Magogo ya dari yakalia. Upande wa jikoni kipande kizima cha paa kikashuka kwa kishindo, kikazika mafiga na chungu cha mboga.

"Dada!" Hanifa alipiga kelele. "Udongo umelowa, utatuangukia wote! Mabati! Tulete mabati!"

"Ni ya kwako!"

"Ni ya nani sasa hivi? Shika huko!"

Wakamlaza mtoto ndani ya kihenge kitupu cha nafaka, wakatoka. Hanifa akapanda juu, kwa kuwa tembe ni fupi na mtu hulipanda kama kitanda, na Sijaona akawa anamsukumia mabati kutoka chini, moja moja, upepo ukitaka kuyanyakua kila moja. Jingine liliponyoka, likaruka juu ya uwanja likipepea kama kanga, wasilione tena. Makali ya bati yalimchana Hanifa kiganja. Hakuacha. Walikandamiza kwa jiwe la kusagia, kwa kinu, kwa mchi, kwa kila kizito kilichokuwa uani. Sijaona alipanda mwishoni akiwa amebeba jiwe, na pale juu, amelowa mpaka mifupa, aliona nyufa zake kwa karibu. Kiganja kiliingia chote.

Wakarudi ndani. Sehemu moja ilikuwa bado nzima, ya kutosha watu wawili na mtoto. Wakakaa hapo wakitetemeka, Hanifa amefunga mkono kwa pindo la kanga.

Juu yao mvua ilikuwa inapiga bati.

Sijaona aliisikiliza. Miezi yote ile alikuwa ameiwazia sauti hiyo juu ya kichwa chake mwenyewe. Ilikuwa tamu kuliko alivyoiwazia, na hata wakati ule, na tope kwenye nywele, ikamchoma kwamba kumbe si yake.

"Dada," Hanifa akasema. "Kitendawili."

"Tega," akasema Sijaona.

"Kuna mtu aliivua nyumba yangu kofia, na hakuinua mkono wala hakufungua mdomo mkutanini."

Sijaona akakitazama kile kiganja kilichofungwa.

"Nakupa mji," akasema Sijaona. Hakuwahi kutoa mji maishani mwake.

"Upi?"

"Singida mjini, na maduka yote."

"Siutaki."

"Dodoma, basi."

"Siutaki. Mzee Luqmani hajatunga kitendawili tangu azaliwe, dada. Nataka jibu."

Sijaona akafuta tope usoni. Mvua ikaanza kulegea. Kabla Sijaona hajasema neno, mtu akaita mlangoni. Alikuwa Mzee Luqmani mwenyewe, amelowa chapachapa, anacheka kama kijana.

"Si niliwaambia? Bati limeshuka, mvua imekuja! Hanifa, mwanangu, mniwie radhi, lakini bati halirudi tena kijiji hiki. Kesho mkutano unapitisha, na Mselemu akirudi tutamweleza."

Hanifa alikuwa anamtazama Sijaona.

"Mzee, shikamoo," akasema Sijaona. "Toka nje kidogo, inua macho. Unaona nini juu ya paa langu?"

Mzee akatoka. Akarudi.

"Bati."

"Limekaa hapo tangu mvua ya mawe. Mvua imelipiga alasiri nzima. Haikuogopa, haikugeuka."

"Lakini wazee walisema..."

"Hawakusema wazee. Nilisema mimi, kisimani, kwa sababu lori lilinipita mlangoni." Akageuka. "Hanifa, jibu la kitendawili chako ni mimi."

Mzee Luqmani akashika kichwa. "Ewe mwanamke! Umenisimamisha mbele ya kijiji kizima! Nikamtukana mwalimu na redio yake!"

"Kesho nitasimama mimi hapo hapo, mbele ya kijiji kizima. Na nitakuwa na udongo miguuni, maana nitakuwa nimetoka kuukanyaga."

Mzee akaondoka akinung'unika, akiteleza matopeni. Sijaona akabaki anatazama chini, anangoja. Angelipokea hata kofi.

Hanifa alimnyonyesha mtoto kwanza, taratibu, mpaka akashiba. Kisha akainua macho darini, akaona tone linakusanyika kwenye gogo.

"Sogea huku, dada," akasema. "Hapo ulipo panavuja."