Pazia la Kijani

Begi la kinyozi lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu, na mkewe, mama mwenye nyumba wetu, amelikalia. Wapangaji tulijaa sebuleni. Mimi nilikuja kuomba chumvi tu, ila miguu iligoma kuondoka.

Chanzo ni shairi: mama alilisikia bafuni, mumewe akilighani huku anajimwagia maji.

"Hebu lirudie, wasikie na wenzangu."

Kinyozi akakohoa:

"Yumo nyuma ya pazia la kijani,
Nimevua viatu, naingia peku,
Yeye tu ajua kunishona nilipochanika."

"Yeye nani?"

"Mungu, mke wangu."

"Mungu kaanza lini kushona?"

Wote tukageukia chumba cha mwanamke fundi cherehani. Pazia lake la mlangoni ni la kijani. Mwenyewe alikuwa katoka.

Binti yao, anayesomea ushairi chuo kikuu, akaingilia. "Mama, tulia. Hii ni tasawufi."

"Inaambukiza?"

"Ni mtu kumpenda Mungu mpaka maneno ya ibada hayamtoshi, anaazima ya mahaba. Pazia ni istiara, linamtenga mja na Muumba wake. Kuvua viatu ni unyenyekevu. Kushonwa ni roho kufanywa upya."

"Hivyohivyo!" akadakia kinyozi. "Umenitoa maneno mdomoni!" Muongo mkubwa! Neno istiara alikuwa analisikia leo.

"Na huyo yeye, ni wa kike au wa kiume?"

"Kiswahili hakisemi, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri kwa nani?"

Binti akashuka na vina, akapanda na mizani, mpaka mama machozi yakamlengalenga. Kumbe kaolewa na walii, na wiki nzima anamlaza kwenye kochi! Akainuka, akafungua zipu, akaanza kutoa mashati moja moja.

"Nisamehe, baba watoto."

"Yamekwisha," akasema walii, kifua mbele.

Hodi ikapigwa. Fundi cherehani huyo, anatabasamu, makubazi mkononi.

"Dada, habari za hapa? Shemeji kayasahau kwangu jana, nikaona niyalete asije akatembea peku."

Mama akayapokea kwa heshima zote, akayaweka mezani mbele ya bintiye.

"Haya, msomi. Chambua na haya."

Binti akayatazama makubazi, akamtazama baba yake.

"Hapa, mama," akasema taratibu, "hakuna istiara."

Mashati yakarudi begini. Zipu ikalia.