Korista Avua Makoti

Niliota jana usiku, na nasimulia kama nilivyoona.

Niko kanisani, mazoezi ya Kwaya Kuu. Mwalimu Elinami anarudia sharti lake: Kwaya Kuu husimama kama nguzo, wanaocheza ni vijana. Ananitazama mimi. Mwili wangu hauna adabu, wimbo ukikolea nayumba. Jana mchana, nikiwa macho, alikuwa ameniambia nikitikisika tena Jumapili, nivue joho niende zangu. Na mimi nje ya kwaya ile sijijui.

"Nguzo," anasema, na tunakuwa nguzo. Wa sauti ya nne wanabeba paa.

Anaingia mzee aliyevaa makoti juu ya makoti.

"Hodi. Mimi ni neno, naitwa Korista. Waingereza humwita mwimba kwaya kwa jina langu."

"Karibu sana, mzee," anasema Mwalimu. "Wafundishe hawa kutulia."

"Ngoja kwanza nipunguze joto."

Anavua koti la Kiingereza, anakipa kinanda. Kinanda kinasema ni zito, lakini kinalishika. Chini yake kuna koti la Kifaransa, limeliwa na nondo. Chini ya hilo kuna la Kilatini. Kila koti likitoka, mzee anazidi kuwa kijana. Mwishowe amebaki peku, na sakafu ya kanisa imekuwa uwanja wa vumbi huko Ugiriki. Mbuzi wanatutazama bila kushangaa.

"Hapa ndipo nyumbani," anasema.

"Hapa ulikuwa unaimba sauti ya ngapi?" anauliza Mwalimu.

"Hapa nilikuwa nacheza. Tuliongeza kuimba kwa sababu midomo haikuwa na kazi."

Anaanza kucheza. Sijawahi kuona kitu kizuri vile. Umri wote ule, safari yote ile, na bado mwepesi. Machozi yananitoka, na nguzo zote zinalegea. Mwalimu anakaza msimamo, kisha mguu wake wa kushoto unamponyoka na kuingia kwenye duara. Anacheza vibaya sana, anafurahi, anakanyaga jiwe, anaanguka.

Nikaamka. Asubuhi Mwalimu alipita nyumbani, anachechemea.

"Shikamoo, Mwalimu. Mguu una nini?"

"Marahaba, Mama Ndeshi. Sijui. Nimelala mzima, nimeamka huu wa kushoto umevimba." Akatazama pembeni. "Jumapili utasimama mwisho wa mstari."

Nikamuuliza, "Ndiyo unanitoa?"

"Kule kuna nafasi," akasema. "Usimpige mwenzako kiwiko tu."